Anayefunga Mjadala Ana Deni la Kuufungua

Kijana anayejifunza kuandika programu, awe Kijitonyama au Kasarani, mapema au baadaye hupita Stack Overflow. Tovuti hiyo ya maswali na majibu, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ndiko waandika programu wa dunia nzima walikokimbilia kwa miaka mingi kompyuta ilipowagomea. Hazipiti siku nyingi kabla hajakutana na swali lenye kura kwa maelfu, na pamoja nalo maelezo mafupi yenye alama ya kufuli. Hapo hawezi kujibu. Hawezi kuweka maoni, kupiga kura, wala kurekebisha herufi moja iliyokosewa. Mjadala umefungwa, na mara nyingi aliyeufunga ni mtu mmoja.

Mtu huyo mmoja ndiye tunayemwandikia leo. Yeye, na wenzake wote walioshika funguo za mijadala ya watu: wakabidhi wa Wikipedia (ndivyo wanavyoitwa wasimamizi wake), wasimamizi wa majukwaa, na maadmini wa makundi ya WhatsApp ambao wengi wetu tunaishi chini ya mamlaka yao tangu alfajiri hadi usiku. Kazi yao hailipwi, lawama haziwaishi, na ni haki kusema kwamba bila wao sehemu hizo zingeshajaa matusi na matangazo ya matapeli zamani sana. Lakini huruma isitufanye tuache kuwadai. Kufunga mjadala ni mamlaka, mamlaka hayo yana wajibu wake, na wajibu huo unapuuzwa kila siku bila mtu kukemea.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kwenye Stack Overflow kuna swali lililosimamishwa na kuna chapisho lililopigwa kufuli. Kwa kawaida swali husimamishwa na wanachama wenyewe. Mwenye alama 3,000 za sifa anaruhusiwa kupiga kura kwamba swali fulani halieleweki, linarudia lililokwisha kujibiwa, au haliihusu tovuti. Zamani zilihitajika kura 5. Tangu mwaka 2019 zinatosha 3. Swali lililosimamishwa bado liko hai: mwenyewe anaweza kuliandika upya, watu wanaweza kulipigia kura, na wanachama wengine 3 wanaweza kulirudisha uwanjani. Wengi wametoa, wengi wanaweza kurudisha.

Kufuli ni jambo jingine kabisa. Halipigiwi kura. Analiweka msimamizi aliyechaguliwa, yule mwenye alama ya almasi kando ya jina lake, au mfanyakazi wa kampuni, na wanachama wote wa tovuti hata wangeungana hawawezi kuliondoa. Kwa kawaida likishawekwa, chapisho linaganda lilivyo, na makosa yake ndani. Ndiyo maana hatukubaliani na wanaosema kwamba hizi ni njia mbili tu za kufanya usafi. Ya kwanza ni uamuzi wa jamii ambao jamii yenyewe inaweza kuutengua. Ya pili ni amri ya mtu mmoja.

Na amri hiyo ina sababu zake halali, tusijifanye hatuzioni. Watu wawili wanapobishana juu ya maneno ya jibu moja, huyu akihariri na yule akirudisha, mara ya nne, mara ya tano, msimamizi anafunga na kutangaza kwamba chapisho limefungwa hadi ubishi wa maudhui yake utatuliwe, kisha anawaelekeza wabishi kwenye upande wa pili wa tovuti, uliotengwa kwa ajili ya kujadili uendeshaji wake. Maoni yanapogeuka kijiwe, swali la hesabu likazaa maoni 60 juu ya siasa, kufuli linasitisha soga. Kwa miaka mingi chapisho lililoripotiwa na watu 6 kuwa ni tangazo la kitapeli au tusi lilifutwa na kufungwa na mfumo wenyewe, na mwandishi wake akakatwa alama 100. Hilo halihitaji mjadala mrefu. Tapeli hana haki ya kusikilizwa mara mbili kuhusu bidhaa ileile.

Kuna kufuli moja ambalo linastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu linaonyesha kazi hii inavyofanywa ikifanywa vizuri. Mwaka 2009 mtu aliuliza namna ya kutambua alama za HTML kwa kutumia regex, zile fomula za kutafuta maandishi yanayofuata muundo fulani. Akajibiwa na mtu ambaye bila shaka alikuwa ameshachoka kuliona swali hilo. Jibu linaanza kama la mtu mwenye akili timamu, likisema haiwezekani. Sentensi baada ya sentensi linapandwa na wazimu. Mwandishi anaanza kuzungumza kama aliyepagawa, herufi zenyewe zinaota vinyweleo juu na chini, na mistari ya mwisho inaonekana kama ukurasa umeoza na kuanza kuvuja. Lilikuwa mzaha wa kiwango cha juu, na lilikuwa sahihi kitaalamu kwa kiasi cha kutosha. Watu wakalipenda, likakusanya kura zaidi ya 4,000.

Shida ni kwamba wapo waliolichukulia kuwa limeharibika. Wema wa watu ukawatuma kulitengeneza, wengine kuliripoti kwamba herufi zake zimevurugika. Msimamizi akalifunga, na chini yake akaacha maelezo mafupi: limefungwa kuzuia uhariri usiofaa, jibu linaonekana jinsi linavyotakiwa kuonekana, halina tatizo lolote, tafadhali msiliripoti. Basi. Anayefika leo anajua kwa nini limefungwa, analindwa dhidi ya nani, na anatakiwa afanye nini. Hakuna maneno mengi, wala hakuna kejeli kwa waliokosea. Tunaweza kusema kwamba hata hapo gharama ipo, maana kura nazo ziliganda, na kuganda kwa kura ni kuwanyima waliochelewa kuzaliwa sauti yao. Lakini ni gharama iliyoelezwa.

Sasa mlinganishe huyo na msimamizi anayefunga bila kuandika neno. Au anayechagua sababu kutoka kwenye orodha iliyoandaliwa na mfumo kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu na kidole. Au anayeandika "nimechoka na huu upuuzi", akidhani hasira yake ni maelezo. Mwanachama anaachwa akibahatisha kosa lake. Je, ni lugha? Ni mada? Ni yule aliyenijibu? Asiyeambiwa kosa lake atalirudia, na akilirudia ataitwa mkaidi. Msimamizi wa namna hiyo hajaokoa muda wa mtu yeyote. Ameuhamisha ugomvi kutoka mahali ulipoonekana hadi mahali usipoonekana, kwenye ujumbe wa faragha na makundi ya kusengenyana, na huko hauna msimamizi.

Wanasheria wanaelewa jambo hili kuliko wengi. Ndugu wawili wakigombania shamba, mahakama inaweza kutoa zuio: asilime mtu, asiuze mtu, hadi kesi isikilizwe. Zuio halimpi shamba yeyote. Halisemi nani mkweli. Linasimamisha majembe tu ili kesi ikiisha kuwe bado na shamba la kugawana. Hakimu anayetoa zuio kisha akalisahau kwa miaka 12, magugu yakaota, mmoja wa ndugu akafa, hatuwezi kumsifu kwa kudumisha amani. Kufuli la mjadala ni zuio. Linapochukuliwa kuwa hukumu, msimamizi amejipa kazi ambayo hakuchaguliwa kuifanya.

Hapa ndipo tunapofika kwenye lawama yetu kubwa. Wengi wanaolalamikia wasimamizi wanasema wanafunga mno. Sisi tunasema kosa lao kubwa ni kutorudi. Mfumo unampa msimamizi nafasi ya kuchagua kufuli lidumu saa kadhaa, siku au wiki, na pia unampa nafasi ya kuliacha bila ukomo. Hiyo ya mwisho ndiyo rahisi kwa mtu mwenye haraka, kwani haidai kurudi kesho kuangalia kama watu wametulia. Ugomvi uliodumu saa 3 unaacha kufuli la kudumu. Waliogombana wameshapatana, wengine wameshasahau kabisa walibishania nini, msimamizi mwenyewe pengine ameshajiuzulu. Kufuli lipo.

Na maarifa hayangoji. Tuchukue jibu la kawaida la mwaka 2011 kuhusu PHP, lugha iliyobeba tovuti nyingi za Afrika Mashariki. Wakati huo kila mtu aliunganisha kanzidata kwa amri zinazoanza na mysql. Amri hizo zilitangazwa kuwa zimepitwa na wakati mwaka 2013, na PHP 7 ilipotoka mwishoni mwa 2015 ziliondolewa kabisa. Jibu lililoachwa wazi litakuwa limeshawekewa onyo na mtu, au limeandikwa upya, au limepitwa na jibu jipya lenye kura nyingi zaidi. Jibu lililopigwa kufuli linabaki linafundisha la 2011, kura zake zilezile za heshima juu yake, na mwanafunzi wa leo analinakili kwa sababu macho yake yanamwambia kwamba watu elfu walilikubali. Vivyo hivyo kwa Python 2, iliyoachishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020. Mbaya zaidi ni jibu lenye upenyo wa usalama, lile linaloingiza maneno ya mtumiaji moja kwa moja kwenye amri ya kanzidata. Aliyelifunga ili kuwatenganisha wabishi wawili amelifanya la kudumu kwa wote. Anaweza kusema hakuliandika yeye. Kweli. Lakini ndiye aliyewazuia wenzake kulisahihisha, na baada ya kufanya hivyo sahihisho hilo ni jukumu lake.

Kuna kufuli linaloitwa la kihistoria, na hilo linakubali wazi kwamba halitafunguliwa. Limewekwa kwenye maswali ya miaka ya mwanzo, tovuti ilipokuwa bado kama kijiwe cha marafiki, mfano lile lililowaomba watu wataje maelezo bora kuliko yote waliyowahi kukuta ndani ya programu za wenzao. Leo swali hilo lisingepita hata saa moja. Lakini watu walilifurahia, na kulifuta kungekuwa kufuta sehemu ya maisha ya jamii hiyo. Wakalifunga pamoja na majibu yake yote, na kuandika kwamba linabaki kwa thamani yake ya kihistoria, lisichukuliwe kuwa kibali cha kuuliza mengine kama hilo. Tunauunga mkono uamuzi huo bila shaka yoyote. Kinachotofautisha kumbukumbu na gofu ni kibao cha maelezo mlangoni, na hapo kibao kipo.

Wajibu mwingine ni wa msimamizi kujiondoa kwenye kesi yake mwenyewe. Wikipedia ya Kiingereza imeliandika hili kwenye taratibu zake: mkabidhi aliyeshiriki kwenye ubishi hatakiwi kutumia mamlaka yake ya ukabidhi kuumaliza. Kurasa zake zina ngazi za ulinzi. Ya chini inawaruhusu kuhariri wenye akaunti iliyofikisha siku 4 na mahariri 10. Ya juu zaidi inawaacha wakabidhi peke yao. Ukurasa unapofungwa katikati ya vita vya uhariri, mkabidhi hatakiwi kuchagua upande anaoupenda. Anafunga alivyoukuta. Kuna utani wa zamani miongoni mwa wanawikipedia kwamba ukurasa siku zote hufungwa ukiwa kwenye toleo lisilo sahihi. Kila upande unaapa hivyo. Utani huo una faida yake: mkabidhi akilalamikiwa na pande zote mbili kwa nguvu sawa, huenda amefanya kazi yake.

Pale wakabidhi walipokuwa ndio upande mmoja wa ubishi, tumeona matokeo. Wikipedia ya Kikroatia ilikaa karibu muongo mzima mikononi mwa kundi dogo la watu wenye msimamo mmoja wa kisiasa. Walitumia mamlaka ya ukabidhi, hasa kuwazuia waliowapinga, na makala za historia zikaegemea upande wao, zikiwemo zilizopunguza uzito wa uhalifu wa utawala wa kifashisti wa Ustaša nchini Kroatia katika Vita vya Pili vya Dunia. Ripoti iliyotolewa na Wikimedia mwaka 2021 ilieleza hali hiyo kwa kirefu. Hatuitaji Kroatia ili kuicheka. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003, ina wakabidhi wachache, na penye wakabidhi wachache kila kufuli lina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu hakuna jirani wa kuuliza: mwenzangu, hili ulilifunga kwa nini?

Tuje nyumbani, maana huku ndiko wajibu huu unakovunjwa mchana kweupe. Tangu mwaka 2018 WhatsApp imempa admin uwezo wa kuamua kwamba maadmini pekee ndio watume ujumbe kwenye kundi. Ni zana nzuri. Kwenye kundi la msiba, wakati ratiba ya mazishi inapotumwa, hakuna anayehitaji salamu 90 za pole zinazofukia saa ya kuchukua mwili. Funga, tuma ratiba, fungua. Hakuna atakayelalamika.

Lakini fikiria kundi la michango ya harusi, wiki mbili kabla ya shughuli. Mpwa mmoja, kwa heshima zote, anaandika: "Mjomba shikamoo. Ukumbi tulikubaliana milioni mbili, mbona kwenye hesabu hizi naona milioni tatu?" Wawili wanaweka vidole gumba. Shemeji anaongeza kwamba hata yeye alitaka kuuliza. Mjomba, ambaye ndiye mweka hazina na ndiye admin, anaandika: "Kundi linafungwa kwa muda kupisha utulivu." Linafungwa. Kisha, ndani ya utulivu huo aliousababisha, anatuma ujumbe wa sauti wa dakika 4 akieleza jinsi vijana wa siku hizi wasivyo na adabu, anabandika picha ya risiti isiyosomeka, na kumalizia kwa "tujadili mambo ya kujenga". Asubuhi kundi bado limefungwa. Watu watatu wamejitoa. Michango inasimama, na ukumbi haujalipwa.

Pengine mjomba hakula hata senti. Pengine ukumbi ulipanda bei kweli. Lakini alifunga akiwa mshitakiwa, akaendelea kusema peke yake wakati wenzake wamezibwa mdomo, na hakusema atafungua lini. Makosa matatu katika usiku mmoja. Lililopaswa kufanywa ni jepesi: admin mwingine, shangazi labda, afunge kwa saa 2, aandike kwamba hesabu za ukumbi zitaletwa saa 3 usiku pamoja na risiti, na mjomba naye anyamaze hadi saa hiyo kama wengine wote. Anayefunga mjadala hana ruhusa ya kusema neno la mwisho. Tunalisema hili kwa ukali kwa sababu hakuna tabia iliyozoeleka kama hiyo, kuanzia makundi ya harusi hadi ya wazazi wa shule, ya vikoba, ya wapangaji wa nyumba moja.

Wajibu hauko upande mmoja. Waliofungiwa nao wana lao. Mei 2024 Stack Overflow ilitangaza ushirikiano na kampuni ya OpenAI, na wachangiaji kadhaa waliona kwamba majibu waliyoyatoa bure kwa wenzao yanakwenda kulisha akili mnemba ya kampuni ya biashara. Hasira yao tunaielewa. Baadhi yao wakaanza kufuta majibu yao bora au kuyabadilisha yawe maneno ya kulaani. Majibu yakarudishwa yalivyokuwa, na akaunti za baadhi yao zikasimamishwa kwa muda. Kelele zikawa kubwa kwamba wasimamizi wamegeuka walinzi wa kampuni.

Hapo sisi tunasimama na wasimamizi. Anayeandika kwenye tovuti hiyo anatoa maandishi yake chini ya leseni ya wazi ambayo haiwezi kurudishwa nyuma, na aliiona alipojiandikisha. Jibu lenye kura 500 si lake peke yake tena. Ni la aliyelihariri, aliyeongeza onyo chini yake, na mwanafunzi atakayelihitaji mwakani. Mwenye ugomvi na kampuni apeleke ugomvi huo kwa kampuni: aandike, agome, aache kuchangia. Kuling'oa daraja ambalo watu wanapita ili kumkomoa aliyeweka tozo ni kuwakomoa wapitao. Na mtu anayerudi kuliharibu chapisho kila linaporekebishwa asishangae likipigwa kufuli.

Hata hivyo wamiliki wasitumie jambo hilo kujificha. Karibu mwaka mmoja kabla ya hapo, tarehe 5 Juni 2023, wasimamizi wa mtandao huohuo waligoma. Desemba 2022 tovuti ilikuwa imepiga marufuku majibu yaliyoandikwa na ChatGPT, kwa kuwa yalikuja kwa wingi, yakiwa na sura ya kujua na makosa mengi ndani. Wasimamizi wakayaondoa. Mwishoni mwa Mei 2023 kampuni ikawapa maelekezo mapya yaliyowafunga mikono, hata wakawa karibu hawawezi kuyagusa majibu hayo, na sehemu ya maelekezo hayo haikuwekwa hadharani. Mgomo uliendelea hadi Agosti, makubaliano yalipofikiwa. Huwezi kumkabidhi mtu ulinzi wa ghala, kisha ukamwambia kwa siri asimzuie mwizi fulani. Msimamizi anadaiwa sababu na wanachama. Basi naye ana haki ya kupewa kanuni anazoweza kuzisoma kwa sauti mbele yao. Anayetumwa kufunga kwa sababu asiyoweza kuitaja anatakiwa akatae.

Kuna wanaosema tunakuza mambo: chapisho moja, uzi mmoja, kundi la harusi, lina uzito gani hata liandikiwe tahariri? Jibu letu ni kwamba watu hujifunza desturi ya madaraka kwenye mambo madogo. Tanzania ilipotoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, wenye mitandao walitakiwa kuondoa maudhui yaliyokatazwa ndani ya saa 12 baada ya kuarifiwa. Juni mwaka huohuo JamiiForums, jukwaa la mijadala lililoanza mwaka 2006, lilizimika kwa muda wakati tovuti zilipoamriwa kujisajili na kulipia leseni. Wengi walipaza sauti, na walikuwa na haki: waliuliza sababu ni nini, kikomo ni lini, na nani atasikiliza rufaa. Ni maswali yaleyale matatu. Raia aliyezoea kufungiwa uzi bila sababu na mwenzake, akaona ni kawaida, atapata wapi ulimi wa kuyauliza serikali inapofunga? Na msimamizi asiyeyajibu kwa wanachama 200 atayadai kwa hoja ipi kutoka kwa mamlaka yenye askari?

Tunajua pia ugumu wa kazi yenyewe. Saa 7 usiku, mtu anatukana kwa jina la kabila, ripoti zinaingia mfululizo, na msimamizi ana mtoto anayelia chumba cha pili. Asiandike insha. Afunge kwanza. Sentensi moja inatosha: "Nimefunga kwa sababu ya matusi ya kikabila, nitarudi kesho saa 4 asubuhi." Inachukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Kinachotushinda kukisamehe ni kesho saa 4 kufika, kupita, na mwezi kupita.

Basi tunataka yafuatayo yafanyike, na hatuoni udhuru wa kutoyafanya. Waendeshaji wa tovuti na programu za mijadala waondoe kufuli lisilo na ukomo kwenye orodha ya machaguo ya haraka. Anayelitaka alazimike kuandika sababu kwa maneno yake mwenyewe, na jina lake lionekane. Mfumo umkumbushe muda ukiisha, na asipojibu, kufuli lifunguke lenyewe. Kila jukwaa liwe na mahali pa wazi pa kuulizia kufuli lililowekwa, nje ya mjadala uliofungwa, pasiposimamiwa na aliyefunga. Makundi ya WhatsApp yenye fedha za watu ndani yake yawe na admin angalau wawili, na mweka hazina asiwe mmoja wao. Wakabidhi wa Wikipedia ya Kiswahili watenge siku ya kupitia kurasa zote zilizolindwa, ukurasa kwa ukurasa, na ule ambao hakuna hata mmoja wao anayekumbuka kwa nini ulifungwa ufunguliwe siku hiyohiyo, wausubirie wiki moja waone kitakachotokea. Msimamizi anayejiuzulu akabidhi orodha ya makufuli yake kwa anayempokea, pamoja na sababu za kila moja, kabla hajavua almasi yake.